Ufunguo wa Pampu

Juzijuzi nilikuwa Bunda, kwenye shule moja ya kata, nimealikwa kuzungumza na vijana juu ya uongozi. Siku hizi naalikwa. Ukishakuwa mwenyekiti wa mtaa kule Nyasho, na ukawa na sauti ya kusikika bila kipaza sauti, watu wanadhani una la kuwafundisha watoto wao. Kabla ya kuanza nikaenda kunawa mikono kwenye pampu yao, nyuma ya jiko. Nikapampu, nikanawa, nikajifuta kwenye kitenge, na nilipoinua mkono kupangusa jasho nikakutana na harufu ya kutu, grisi na maji ya chini ya ardhi. Semina ikaniishia palepale. Sifa za kiongozi bora niliwasomea, moja baada ya nyingine, kama zilivyoandikwa kwenye bango, lakini miguu yangu haikutulia na macho yangu yalikuwa dirishani. Mwalimu mwenyeji akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni joto.

Joto wapi. Nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu, upande wa Kiriba, niko darasa la sita, nina hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Kutotulia si ugonjwa ulionipata ukubwani. Nilizaliwa nao. Bibi yangu wa Butiama, mzaa mama, alikuwa akisema mtoto huyu akikalishwa kwenye mkeka, mkeka ndio unaochoka. Darasani sikukaa, kanisani sikukaa, hata chakula nilikula nikizunguka nyumba, mama akinifuata kwa macho tu. Tulikuwa watatu nyumbani: mama, mimi na mdogo wangu Masatu. Baba alivua huko visiwani, alikuja kwa kushtukiza na hakukaa, kwa hiyo wale walioniuliza nimerithi wapi miguu hii hawakuhitaji kuuliza mara mbili. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki. Kabla ya jua kutoka alikuwa mwaloni akisubiri mitumbwi ifike, ananunua sato na ningu, anarudi nao nyumbani, anawaparua, anawaosha, anawapanga kwenye beseni na kukimbilia gari la Musoma. Mteja wake mkubwa, mama mmoja mwenye hoteli Nyasho, hakutaka samaki walioshwa kwa maji ya mwaloni. Alisema wananuka tope. Basi mama akawa anawaosha kwa maji ya pampu.

Pampu ilikuwa moja kwa kijiji kizima, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa mama yangu.

Ninyi wa rika langu mliokulia vijijini mnazikumbuka pampu zile. Vijana wa kijiji walikuwa wananing'inia kwenye mpini kushindana nani mzito, mpaka mpini ukakatika, na ulipotengenezwa ukafungwa kwa mnyororo na kufuli. Mama aliufunga ufunguo kwenye uzi wa nyavu akauvaa ndani ya gauni. Alilala nao. Alioga nao. Alifungua pampu akitoka mwaloni, jua limeshapanda, akafunga watu wakitawanyika, akafungua tena jioni. Watu wote walimsubiri. Nilimwona mtendaji mwenyewe amesimama pale na dumu lake, anatazama njia ya mwaloni, na mama anakuja taratibu na beseni kichwani wala hajali. Niliamini mama yangu ni mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji, maana mwenyekiti alikuwa na muhuri, lakini muhuri haunyweki. Kwa akili yangu ya wakati ule, kiongozi ni mtu mwenye kitu shingoni ambacho wengine wanakisubiri, na ubaya mkubwa unaoweza kumfanyia ni kumtaka akivue.

Muhula ule akaja Dada Rehema. Alikuwa binti wa mfanyabiashara mmoja wa Musoma mjini, amevaa ushungi wa bluu, anabebwa na bodaboda kila Ijumaa mchana mpaka shuleni kwetu, na viatu vyake vinafika vyeupe kwa vumbi. Alikuwa ametumwa kuanzisha baraza la watoto. Alituambia sisi ndio viongozi wa kijiji hiki baadaye, na uongozi haungoji mtu aote ndevu. Wavulana wakajishika videvu. Tulimpenda siku hiyohiyo, kwanza kwa maneno yake, pili kwa biskuti.

Uchaguzi ukafanyika saa sita mchana, kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Mwalimu wa zamu alitusimamisha wagombea mbele ya jengo la darasa la tano, kila mmoja na nafasi yake, mimi nikawa wa mwisho, pembeni kabisa, pale bati lilipotoa kivuli. Mnaweza kumalizia wenyewe. Foleni yangu ilijaa mpaka ikazunguka kona. Wenzangu waliokuwa juani walibaki na ndugu zao tu. Nikatangazwa mwenyekiti, nikaenda nyumbani nikirukaruka, na sikujua kilichonipa ushindi mpaka rafiki yangu Nyangeta aliponiambia kesho yake, bila kuficha.

"Mi nilikupendaga hata kabla," alisema. "Ila hao wengine walifuata kivuli."

Sikulala vizuri kwa hilo. Nilitaka kurudia uchaguzi, Dada Rehema akakataa. Alisema, "Walikuja kwa kivuli, sawa. Sasa wewe wape sababu ya kubaki." Nimesikia semina nyingi tangu siku ile, na bado sijasikia neno lililonisumbua kama hilo.

Kazi ya kwanza ya baraza ilikuwa kuuliza kila darasa lina shida gani. Madarasa yote yakaleta shida ileile. Wanafunzi wanatumwa maji asubuhi, pampu inafunguliwa jua limepanda, wanafika shuleni wamechelewa, wanachapwa. Na waliochoka kuchapwa wameanza kuchota ziwani, pale penye matete karibu na njia, ambapo mamba alishabeba mbuzi wa watu. Nyangeta alikuwa mmoja wao. Alisema bora mamba, kwa sababu mamba si lazima akuone, lakini mwalimu wa zamu lazima akuone. Wenzake walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao na chaki mkononi, nikaona wote wananitazama shingoni, kana kwamba ule ufunguo nimeuvaa mimi.

Dada Rehema hakujua ni mama wa nani. Alifurahi. Akasema hili ndilo hasa, tunalipeleka mkutano mkuu wa kijiji, na mwenyekiti wa baraza ndiye atakayelisema. Ijumaa zilizofuata akatupeleka ufukweni kufanya mazoezi. Alitusimamisha upepo ukitupiga usoni, yeye anakwenda mbali, na kila mmoja wetu alitakiwa aseme hoja yake mpaka yeye aisikie kule aliko, bila sisi kupiga kelele. "Sauti itoke tumboni," alisema. "Usiseme mimi, sema sisi. Usimtaje mtu, taja jambo." Nilikuwa bora kuliko wote. Upepo wa ziwa haukunishinda. Kilichonishinda kilikuwa nyumbani, kinaparua samaki.

Jioni moja nilijaribu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, magamba yanamrukia mpaka kwenye kilemba. Nilimzunguka huku, nikamzunguka kule.

"Kaa chini useme," akasema.

"Siwezi kukaa."

"Basi simama useme."

"Mama, ile pampu... watoto wanachelewaga shule."

Kisu hakikusimama. "Hayo ya mkutano," akasema. "Si nasikia una mkutano? Kayaseme hukohuko. Mi hapa naparua samaki."

Nilielewa nilivyoelewa. Nilielewa kwamba ameniambia: thubutu.

Na sasa niwaambie jambo ambalo mimi sikulijua, na Dada Rehema, kwa kuwa ni mtu wa mjini, naye hakulijua. Kijijini kwetu mwenye hoja ndiye mwenye kazi. Mzee mmoja alilalamika mkutanoni kwamba njia ya zahanati imejaa majani, akatoka pale ameshakuwa msimamizi wa kufyeka njia ya zahanati. Mwingine akasema choo cha shule kimetitia, wakampa uenyekiti wa kamati ya choo, mpaka anazeeka anaitwa Mzee wa Choo. Ndiyo maana mikutano yetu ilikuwa mifupi na yenye amani. Watu wazima wote walijua kunyamaza. Watoto hatukuwa tunahudhuria, nani angetuambia? Tulifundishwa kusema, na kusema tukakujua vizuri sana, ila hatukufundishwa yanayofuata baada ya hapo.

Siku ya mkutano wanaume walikaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi ya kijiji, wanawake kwenye khanga zao chini, na mtendaji akasoma ajenda. Baraza la watoto tuliwekwa kwenye mengineyo. Mengineyo inafika watu wameshaanza kujikung'uta vumbi matakoni. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Haya, na watoto wana neno, tuwasikilize haraka haraka." Nikaenda mbele. Mama alikuwa safu ya pili, Masatu amelala mapajani kwake, na uzi wa ufunguo naona unachungulia kwenye kola ya gauni.

Nikasema. Sauti ikatoka tumboni. Sisi watoto wa kijiji hiki tunaomba pampu ifunguliwe alfajiri, kwa sababu tunachelewa shule na tunachapwa, na wadogo zetu wameanza kuchota maji kwenye matete kwa mamba. Nilisema sisi. Sikumtaja mtu. Lakini kila mtu mkutanoni aligeuka kumtazama mama yangu, wote kwa mara moja, na nikaona ujanja wote wa Dada Rehema wa kutaja jambo na kutomtaja mtu hauna maana mahali ambapo jambo na mtu wanajulikana wanaishi nyumba moja.

"Umemzaa mwenyewe, Mama Nyanjura," mwanamke mmoja akasema, na kicheko kikaenda mpaka nyuma.

Mama akamlaza Masatu kwenye khanga. Akasimama. Hakunitazama. Akaingiza mkono kwenye gauni, akavuta ule uzi, akaupitisha kichwani ukakwama kwenye kilemba, akaukwamua. Akaenda mpaka mezani kwa mtendaji akauweka.

"Mwenye hoja ndiye huyo," akasema. "Apewe."

Mabenchi yakapiga kelele. Wazee wakasema watoto wataivunja. Mmoja akasema hii ni kuwafundisha watoto kiburi, kesho watataka ufunguo wa ofisi. Mtendaji, ambaye nadhani alikuwa amechoka kusimama na dumu lake akitazama njia ya mwaloni, akasema basi iwe majaribio, baraza la watoto lishike, likishindwa litanyang'anywa mbele ya mkutano huuhuu. Nikaitwa nichukue. Ufunguo ulikuwa na joto la kifua cha mama na umelowa jasho. Niliushika nikaona dunia imekwisha. Kwangu mimi mama alikuwa amevuliwa ukubwa wake hadharani, na aliyemvua ni mimi, na njia aliyoichagua ya kunilipa ni kunitupia mbele ya watu wote, bila hata kunitazama.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikaamka nikakuta mama ametoa nguo zangu zote nje. Zote: gauni la kanisani, la shule, hata yale mawili yaliyokuwa yamenibana. Alizifua, akazianika juu ya majani, zilipokauka akazipiga pasi ya mkaa, pasi ambayo kwetu ilitoka ndani kwa ajili ya harusi na misiba tu. Akazikunja, akazipanga ndani ya begi la baba, akaliweka begi nyuma ya mlango.

Ninyi mnafahamu maana yake. Kila mtoto wa kijiji chetu aliyeshindikana alipelekwa kwa bibi yake. Wa kwangu alikuwa Butiama, juu huko kwenye mawe, kusiko na ziwa, na mama alishanitisha napo mara nyingi, "Nitakupeleka Butiama ukamsumbue aliyenizaa." Nilikuwa sijawahi kuona begi. Sasa nimeliona, limejaa, na nguo ndani yake zimenyooka. Kilichobaki kilikuwa siku tu. Kila mama alipoingia kutoka nje nilimtazama miguu kuona kama amevaa viatu vya safari. Nikaacha kabisa kula kwa kuzunguka. Nilikaa chini, karibu na mlango, nikilinda lile begi kwa macho. Kama mama angejua mapema kwamba kuna kitu kinachoweza kunikalisha, nadhani angeshakitafuta.

Nilimwuliza mama hivi karibuni. Yupo, mzima, bado anabishana na wachuuzi wenzake, ila sasa kwa simu. Nikamwuliza kwa nini alinitupia ule ufunguo mkutanoni. Mtu anayetaka maneno ya busara kwa mama yangu atasubiri sana. Akasema, "Nilikuwa nimechoka, we nawe. Mi mwenyewe nilipewaga hivyohivyo, nilisema tu mpini umekatika." Nikamwuliza na zile nguo kwenye begi, ilikuwaje? Akafikiri. "Nguo zipi?" akasema. Hakumbuki. Jambo lililonikosesha usingizi utoto wangu wote halipo hata kidogo kichwani mwa aliyelifanya, na bado sijajua niliweke wapi.

Tuliifungua pampu. Baraza lilikaa, likagawana zamu, wawili wawili pamoja na mimi, alfajiri ndege hawajaanza. Tukatunga sheria zetu wenyewe, kwa sababu tulijua shida iko wapi kuliko wazee. Zamani watu walikuwa wakiacha ndoo zao kwenye foleni tangu jana, hata jiwe, hata kandambili moja, halafu anakuja mwenyewe kifua mbele anasema mimi ni wa tatu. Sisi tukasema ndoo haipangi foleni, mtu ndiye anapanga. Anayekuja nyuma anakaa nyuma, awe nani. Nyangeta alikuwa mkali kuliko wote. Kaka mmoja wa bodaboda alikuja na madumu yake akataka kupita, akamwambia, "Kaka, pikipiki yako haina kiu. Nenda nyuma." Akaenda, anacheka, lakini akaenda.

Wiki zikapita vizuri, na ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Wanafunzi walikuwa wanawahi shule. Njia ya kwenye matete ilianza kuota majani. Watu wazima nao wakaanza kusema maneno, kwa mbali, wakijua nasikia: tuone siku akija mama yake. Mpaka hapo mama hakuwa amefika asubuhi hata mara moja. Alichota jioni, akaweka kwenye mtungi maji ya kuoshea samaki kesho yake. Begi lilikuwa bado nyuma ya mlango; gauni la shule nililitoa humo, na likifuliwa lilirudi humohumo. Nilijua anasubiri tushindwe. Tukishindwa, ufunguo unarudi mezani, na mimi Butiama, vyote kwa siku moja.

Asubuhi moja mbuzi wa jirani walikuwa wameingia uani wakapiga mtungi teke. Mama akarudi kutoka mwaloni akakuta udongo umelowa na vigae. Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona ni mama anatokea kwenye kona ya ghala, anatembea kwa haraka ambayo si yake, ndoo mkononi, mikono ina damu ya samaki mpaka kwenye viwiko, magamba kwenye nyusi. Nyuma yake, pale nyumbani, beseni limejaa sato wakubwa, nimekuja kuambiwa baadaye, wakubwa kuliko wote wa msimu ule. Na gari la Musoma lilishapiga honi ya kwanza.

Foleni ilikuwa ndefu. Watoto, wanawake, yule kaka wa bodaboda, na wazee wawili waliokuwa mkutanoni. Mama hakuitazama. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa pampu, akatoa ndoo ya mtoto iliyokuwepo, akaweka yake. Alifanya hivyo bila ubaya wowote, kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Nyangeta, mkali wetu, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Nilikuwa nimeshika mpini. Niliona kabisa kwamba nikipampu, kesho kila mtu ana sababu yake ya kupita mbele, na keshokutwa ndoo na mawe na kandambili zimerudi, na Nyangeta amerudi kwenye matete. Na niliona kwamba nisipopampu sina mama. Yote mawili niliyaona kwa pamoja. Nilimpenda mama yangu kuliko kitu chochote chini ya jua, nataka hilo lieleweke, na mikono yake yenye damu ilinitia huruma.

"Mama," nikasema. "Foleni."

Ilitoka ndogo. Haikutoka tumboni wala wapi. Mama akainua uso.

"Unasemaje?"

"Foleni inaanzia kule, mama. Shikamoo."

Ile shikamoo ilijiponyoka yenyewe. Nilikuwa nimesahau kumwamkia, na nikaona kama kuna adabu yoyote ninayoweza kumpa kwa wakati ule, ni hiyo. Watu wote walisikia. Mama akanitazama, muda mrefu, na uso wake sikuweza kuusoma, mpaka leo nikiufikiria siwezi. Akasema "Marahaba." Akaichukua ndoo yake, akairudisha ya yule mtoto pale ilipokuwa, akatembea kwa urefu wa ile foleni nzima, akipita mtu mmoja mmoja, mpaka mwisho, akasimama nyuma ya wale wazee wawili. Akajifunika mdomo kwa khanga. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia.

Nilipampu kama mwenye wazimu. Nilitaka foleni iishe kabla ya gari. Mwenzangu wa zamu alitaka kunipokea nikakataa, viganja vikapata malengelenge, lakini pampu ina mwendo wake na maji ya chini hayaharakishwi. Honi ya pili ikalia. Halafu tukasikia gari linabadilisha gia kwenye kilima, linaondoka, na mbele ya mama walikuwa bado watu. Hakutoka kwenye foleni. Alisubiri zamu yake, akaweka ndoo, nikampampia, akajitwika akaenda.

Shuleni siku hiyo sikusikia lolote lililofundishwa. Nilipotoka sikutaka kwenda nyumbani, nikazunguka na njia ya mwaloni, nikazunguka na ya zahanati, nikakaa kwa akina Nyangeta mpaka mama yake akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikaenda jua linazama. Kwenye uzio nikasimama kutazama kama begi limeshatolewa nje.

Mama alikuwa jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, ile ya wageni, na nyingine pembeni yake, na samaki wa kukaangwa wamejaa ungo. Sato hawakuwa wamengoja gari la kesho. Jua lilishawalegeza, hakuna hoteli ambayo ingewapokea. Alikuwa amewaita watoto wa majirani wote. Masatu alikuwa ameshajipaka mafuta mpaka masikioni.

"Kuleni," mama alikuwa anawaambia, anawagawia. "Kuleni mshibe. Hawa ni samaki wa foleni."

Watoto wakacheka. Mimi nilibaki mlangoni. Akaniona, akanisogezea kigoda kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, nikakaa. Nikapewa sahani. Nilikuwa nimekaza meno nisilie mbele ya wadogo, nikaanza kula, na kila tonge nikawa nasubiri aseme: kesho asubuhi vaa viatu.

Mama akaketi mbele yangu. Akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kwa kidole. Mama yangu hakuwa mtu wa kuniuliza mambo. Alikuwa ananiambia. Hata swali lake lilikuwa amri iliyogeuzwa tu. Safari hii aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya mwaloni akimwuliza mvuvi mtumbwi unarudi lini, kitu ambacho yeye hakijui na mwenzake anakijua.

"Kesho mtafungua saa ngapi?" akaniuliza.

Nikameza. "Saa kumi na moja."

"Haya," akasema mama. "Nitawahi."